Kikombe Kibichi

"Rudia," alisema Sajenti Jubilate.

"Nimesharudia mara nyingi, afande."

"Rudia tena. Polepole. Mimi si mwepesi wa kuelewa."

Yotamu alijifuta shingo kwa kiganja. Alikuwa kijana mrefu, mvuvi wa Ikombe, mabega yamejengwa na kasia. Tangu Jumapili alikuwa mahabusu katika kituo cha polisi Kyela, akituhumiwa kumzamisha ziwani shemeji yake, Milka, mke wa kaka yake.

"Ijumaa alfajiri nilimpakia kwenye mtumbwi," alisema, "yeye na matenga mawili ya vyombo vya udongo. Tulipokata kona ya mwamba, wimbi likatupiga ubavuni. Tenga moja likaanguka, likaondoka na khanga iliyolifunika. Nikamshusha Lyulilo na tenga lililobaki. Akaenda zake."

"Akaenda wapi?"

"Mbeya."

"Kufanya nini?"

Konstebo aliyekuwa akiandika maelezo alianza kucheka kabla jibu halijatoka.

"Kwenye sikukuu ya Waayalandi," alisema Yotamu. "Ya mtakatifu wao, Patrisi."

"Ninyi Ikombe nzima Walutheri," konstebo alidakia. "Huyo mtakatifu mmemwokota wapi? Alitoka kwenye nyavu?"

"Si wetu. Ni wa mzungu aliyetuchimbia kisima. Alimwagiza shemeji vikombe vya sherehe, akamwalika naye aende akaone."

Jubilate hakucheka. Alivuta kiti mbele kidogo. "Kwa nini mliondoka alfajiri, watu wakiwa wamelala?"

Yotamu alitazama sakafu.

"Yotamu, hapo ndipo wenzangu wanapokufungia. Ulimchukua mke wa kaka yako gizani, ukarudi peke yako, ukakaa kimya. Kwa nini gizani?"

"Hilo muulize mwenyewe akirudi."

"Unaamini atarudi?"

"Nilimshusha akiwa mzima, afande. Mtu mzima hurudi."

*

Ofisini kwa mkuu wa kituo, vielelezo vilikuwa vimepangwa juu ya gazeti: khanga iliyokauka ikiwa imekunjamana, na tenga lililopasuka, vyote viliokotwa ufukweni Matema. Kwenye nyuzi za tenga kulikuwa na madoa mekundu yaliyokolea. Karatasi iliyofungwa pembeni ilisomeka: *madoa ya damu*.

Jubilate aliomba maji. Alichovya kidole, akakisugua juu ya doa, kisha akakisugua tena katikati ya kidole gumba na cha shahada, muda mrefu, kama mtu anayeonja unga kwa vidole.

"Damu haina chembechembe, afande," alisema. "Hii ni ile rangi ya udongo mwekundu. Wanawake wa Ikombe huvipaka vyombo vyao."

Mkuu wa kituo alijikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye majalada mengi. "Sawa, udongo. Hata hivyo, mwanamke hayupo. Nilimpigia simu yule mzungu mwenyewe. Kasema hakuna mwanamke yeyote kutoka Ikombe aliyefika kwake."

"Ulimwuliza kuhusu vikombe?"

"Vikombe? Jubilate, mimi natafuta marehemu, wewe unatafuta vyombo!"

"Tenga moja lilianguka. Nataka kujua la pili liko wapi. Hiyo sikukuu ni lini?"

"Leo."

"Basi nipe leo, afande."

Mkuu wa kituo alitazama dirishani. Mvua ya Machi ilikuwa imetulia kidogo. "Kesho asubuhi namfikisha mahakamani, kosa ni mauaji. Siwezi kumweka zaidi ya hapo, wala siwezi kumwachia. Ikombe wameshaupasua mtumbwi wake kwa shoka. Akirudi huko watapasua na kichwa. Nenda. Lakini uwe umerudi kabla ya kesho."

Kwenye benchi la nje alikaa Davidi, kaka yake Yotamu, mume wa Milka. Alikuwa na mwili mnene na macho mekundu, na kila askari aliyepita alimpa mkono wa pole. Alisimama alipomwona Jubilate.

"Afande, mugonile," alisalimu kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, kaka. Pole."

"Mama hali chakula. Anataka mwili tu tuzike. Leo mtapeleka boti?"

"Hilo ni la mkuu wa kituo."

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Natoka kidogo," alisema Jubilate, akafungua mwavuli.

*

Alikodi kiti cha mbele kwenye Noah inayopanda Tukuyu. Mashamba ya mpunga yalibaki chini, migomba ikaja, kisha chai, kisha ukungu uliomfanya dereva awashe taa mchana. Njia nzima Jubilate alikuwa akipanga maswali yake, la kwanza mbele, la mwisho nyuma, kama alivyojizoesha mwenyewe tangu alipokuwa askari wa doria asiye na mtu wa kumfundisha upelelezi.

Mbeya ilimpokea kwa kelele. Honi, miziki ya madukani, wauza parachichi, bodaboda zikipishana kama nyuki. Alipofika Uzunguni, kwenye nyumba ya wageni ya yule mzungu wa visima, kama alivyoelekezwa, alikuta geti limefungwa maputo ya kijani na mlinzi akibishana na kijana aliyevaa jezi nyekundu.

"Leo ni kijani tu, bwana. Ndiyo amri."

"Mimi Simba damudamu! Mtakatifu gani huyo anachagua timu?"

"Kamwulize mwenyewe mbinguni. Hapa hupiti."

Ndani, Jubilate alielewa. Wazungu walikuwa na kofia na makoti ya kijani, lakini Wambeya walioalikwa, nguo ya kijani waliyokuwa nayo ilikuwa moja: bustani nzima ilijaa jezi za Yanga. Masista wawili walicheza kwa kurusha miguu bila kutikisa mikono, wakifuata fidla, na watu wa Yanga wakawapigia makofi kana kwamba limefungwa goli. Masufuria ya viazi mviringo na nyama ya kondoo yalifuka mvuke chini ya turubai.

Mwenye sherehe alikuwa mzee mrefu wa ndevu nyeupe. Kuanzia Ndandalo hadi ziwani watu walimwita Mzee Visima, na jina la kwao wengi hawakulijua. Jubilate alimwonyesha kitambulisho akikificha ndani ya kiganja ili wageni wasitaharuki.

"Ugonile, dada," alisema mzee. "Ni kuhusu yule mama wa Ikombe? Nilishamwambia mkubwa wako, hakufika. Nilisikitika sana. Nilitaka watu wa Mbeya wamwone."

"Na vikombe vyake?"

"Oh, vikombe vilifika! Mpishi wangu alivipokea. Kaniambia vililetwa na mtu wa magari kutoka stendi. Tazama, si vizuri?"

Vilikuwa vimejipanga juu ya meza ndefu, vyekundu, vimesuguliwa kwa jiwe mpaka vinang'aa, kila kimoja na jani jeupe la ncha tatu, alama ya mtakatifu wao. Vijana wa kuhudumia walikuwa wakivijaza bia nyeusi.

"Vilifika lini?"

Mzee alifungua mdomo kujibu, lakini nyuma yake palisikika mlio wa mtu aliyemwagiwa. Mnunuzi mmoja wa kahawa, mtu wa kitambi, alisimama akiwa ameshika mkono wa kikombe peke yake. Kilichobaki kilikuwa kimemporomokea juu ya jezi yake, matope na bia.

"Jamani!" alipiga kelele. "Kikombe chenu kimelewa kabla yangu!"

Bustani nzima ilicheka. Mzee Visima alicheka kuliko wote. Jubilate hakucheka, aliinama akaokota kitako cha kile kikombe kutoka kwenye nyasi. Kilikuwa laini. Alikivunja katikati. Ndani kilikuwa cha kijivu, kama tofali bichi lililonyeshewa kabla ya kuingia tanuri.

Alisimama nacho mkononi, akafikiri bila haraka.

Kikombe kilichochomwa hakiyeyuki kwa bia. Hiki hakijawahi kuona moto. Kwa macho huwezi kujua, kwa sababu rangi na kusugua hutangulia moto. Wahudumu wa mjini wangeweza kukibeba wakidhani kimekamilika. Lakini je, kingewezaje kutoka Ikombe? Kutoka Ikombe hakuna gari, kuna mtumbwi. Ijumaa ilikuwa na mawimbi na mvua. Kikombe kibichi kingefika Lyulilo kikiwa matope.

Alianza mwisho mmoja wa meza. Alipiga kila kikombe kwa ukucha, akasikiliza. Kilicholia kama kengele ndogo alikiacha. Kilichotoa sauti butu alikisogeza upande wake. Wageni walianza kumtazama. Mmoja akauliza kama huo nao ni mchezo wa Kiayalandi. Alipofika mwisho alikuwa na rundo dogo, vyote vimefanana na wenzao kwa umbo, kwa rangi na kwa jani, mkono mmoja uleule.

"Mzee," aliuliza kwa sauti ya chini, "nani anafinyanga vyungu hapa kwako?"

"Hapa? Hakuna."

"Yupo. Mpishi wako anaitwa nani?"

*

Elizabeth alikuwa mama wa Makwale, mnene, mwenye leso kichwani na sauti ya kuamrisha. Alikuwa akimenya viazi, wala hakuacha Jubilate alipoingia jikoni.

"Mugonile, mama."

"Ndaga. Wageni hula nje, mwanangu."

"Mimi si mgeni, ni polisi wa Kyela. Vile vikombe vimetoka wapi?"

Kisu kilisimama kidogo, kikaendelea. "Ikombe."

"Vyote?"

"Vyote."

Jubilate aliweka kikombe kimoja kutoka kwenye rundo lake ndani ya beseni, akakimiminia maji taratibu. Wote wawili walikitazama. Jani jeupe lilianza kutiririka, ukingo ukalegea, kisha kikombe kizima kikakaa chini kama mtu aliyechoka.

"Hiki kilivukaje ziwa, mama?"

Elizabeth aliweka kisu mezani. "Nilimwambia yule kijana wa kuhudumia achukue vya rafu ya juu tu! Vya chini vilikuwa havijachomwa. Wiki nzima mvua, tungechomea wapi?" Kisha akashtuka kwa maneno yake mwenyewe, akakunja mikono. "Umetumwa na Davidi, siyo?"

"Nimetumwa na Yotamu, ingawa mwenyewe hajui."

"Yotamu ana nini?"

"Yuko mahabusu. Kesho asubuhi anasomewa shtaka la kumwua Milka."

Nyuma ya mlango wa stoo kitu kilianguka kikapasuka. Mlango ukafunguka. Alitoka mwanamke mfupi, wa makamo, mikono yake imejaa udongo mpaka kwenye viwiko.

"Nani kaniua?" aliuliza.

Jubilate alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Aliwahi kuonyeshwa picha yake. Hakukuwa na shaka.

"Kaa, dada Milka."

"Sikai. Nimeuliza, nani kaniua?"

"Mume wako alikuja kituoni Jumapili. Akasema uliondoka na Yotamu gizani, hukurudi, na khanga yako imeokotwa Matema. Akasema mdogo wake amekuzamisha."

"Jumapili?" Milka alimgeukia Elizabeth. "Dada, amesema Jumapili?"

"Ndivyo alivyosema."

"Lakini Davidi nimeongea naye Jumamosi!"

Nje fidla iliendelea kulia. Jubilate alivuta kigoda akakaa yeye. Aliuliza swali moja baada ya jingine, kwa sauti ileile ya chini.

"Uliongea naye kwa simu gani?"

"Ya dada Elizabeth. Yangu ililowa kwenye mtumbwi."

"Alijua ni wewe?"

"Tumeishi naye tangu nikiwa msichana, asinijue?"

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba nimefika salama, nafinyanga vingine badala ya vile vilivyozama, nitarudi baada ya sikukuu. Alikuwa amenikataza kuja. Ndiyo maana niliondoka alfajiri. Nilimwomba Yotamu asimwambie mtu sababu, nisionekane nimemtoroka mume."

"Naye akajibu nini?"

Milka alitazama mikono yake. "Kwamba kama nimechagua kulewa na wazungu, nibaki hukohuko. Akija atanivunja hii mikono, nisifinyange tena. Kisha akauliza nani alinivusha. Nikamwambia Yotamu. Nilidhani atatulia, ni mdogo wake, tumbo moja."

"Hakutulia," alisema Elizabeth. "Mimi nilikuwa nimekaa karibu, nilimsikia. Akasema, 'Kumbe ni Yotamu.' Akakata. Hapo ndipo nilipomficha huyu. Hata mzee sikumwambia. Mzee wetu hajui kudanganya, angepigiwa simu angesema yote."

Jubilate aliiomba simu ya Elizabeth. Namba ya Davidi ilikuwepo, Jumamosi, na maongezi hayakuwa mafupi. Aliipiga picha. Kisha akampigia mkuu wa kituo, akamweleza kuwa Milka yuko hai na amesimama mbele yake, akampa Milka aongee.

Milka aliongea. Walisikia sauti ya mkuu wa kituo ikikwaruza, kisha simu ikarudi kwa Jubilate.

"Sajenti, hiyo ni sauti ya mwanamke. Wanawake wenye sauti ni wengi. Na huyu Davidi yuko hapa nje, nimtoe Yotamu mbele yake kwa sauti ya simu? Mlete nimwone kwa macho."

"Ndiyo, afande. Ila naomba usimwambie Davidi lolote. Hata kwamba nimepiga."

"Kwa nini?"

"Nitakueleza nikifika."

Alikata. Milka alikuwa ameegemea ukuta.

"Sikuzuii wala sikulazimishi," alimwambia. "Hujafanya kosa lolote. Ukibaki hapa, nitarudi na picha zako na maelezo yako, nitajitahidi. Huenda yakatosha, huenda yasitoshe. Ukija, utakutana na Davidi. Nitakuwa kati yenu. Siwezi kuahidi zaidi ya hapo."

"Na Yotamu? Wamempiga?"

"Kituoni hapana. Ila Ikombe wameuvunja mtumbwi wake."

"Aliuchonga mwenyewe, gogo zima, mwaka mzima," alisema Milka. "Akanivusha nao bila kuuliza kitu." Elizabeth alimletea maji na sabuni. Aliingiza vidole kwenye beseni, akavitoa tena.

"Hapana. Nakwenda hivihivi. Waone huyo maiti anafanya kazi gani."

Mzee Visima, alipoelezwa, alivua kofia yake ya kijani, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kuchukua funguo za gari.

"Una wageni, mzee," alisema Jubilate. "Nipe dereva tu."

"Patrisi alitekwa akiwa kijana, akafanywa mtumwa nchi ya ugenini," alisema mzee. "Hatakasirika nikitoka mapema kwenda kumtoa mtu kifungoni. Elizabeth, wape watu viazi. Na vikombe vya rafu ya juu tu!"

*

Waliteremka Tukuyu kwa mwendo wa hadhari, barabara ikiteleza. Walipofika Kyela jua lilikuwa halijazama bado, joto la bondeni likawapokea kama shuka lenye maji. Jubilate alimwelekeza mzee asimamishe gari kando ya ukuta, mahali ambapo kutoka ofisini hapaonekani.

"Kaeni humu. Nitakuja mwenyewe kukuita, Milka. Usitoke hata ukisikia kelele."

Aliingia peke yake. Davidi alikuwa ofisini, amesimama mbele ya meza ya mkuu wa kituo, akilalamika kwamba siku nyingine imepita bila boti kutoka, na mama yake atakufa kwa uchungu. Konstebo alikuwa mlangoni.

Jubilate alisaluti. Maji ya mvua yalimdondoka kwenye pindo la suruali. Hakuketi. Alimtazama mkuu wa kituo, siyo Davidi.

"Afande, Milka tumempata."

Aliliacha neno hilo hapo, wala hakuongeza. Alihesabu kimoyomoyo. Mtu aliyekuwa akiomba mwili tangu Jumapili alikuwa na mengi ya kuuliza: wapi, nani kamwona, ameharibika kiasi gani, je, mama aitwe.

Davidi alikuwa amekauka. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Amesema nini?" aliuliza.

Mkuu wa kituo, ambaye alikuwa ameshika kalamu, aliilaza juu ya jalada taratibu. Konstebo aliinua kichwa.

"Marehemu husema nini, Davidi?" Jubilate aliuliza.

"Nilimaanisha... nilikuwa nauliza..."

"Jumamosi ulimsikia akiwa hai. Jumapili ukaja hapa kumzika kwa mdomo, ili mdogo wako afungwe kwa kumvusha." Alisema bila kupaza sauti. Kisha akatoka mpaka barazani, akaita, "Dada Milka, njoo."

Alikuja akiwa na udongo uliokaukia mikononi, unaopasuka kila alipokunja vidole. Alipita mbele ya mumewe karibu sana, kama mtu anayepita kando ya kisiki, akasimama mbele ya meza.

"Naitwa Milka wa Ikombe," alimwambia mkuu wa kituo. "Nimekuja kumchukua shemeji yangu."

Davidi alipiga hatua. Jubilate alikuwa tayari ameshasimama katikati.

Mkuu wa kituo aliutazama ule udongo muda mrefu, kisha akafungua droo akatoa funguo za mahabusu, akamrushia konstebo.

"Mtoe Yotamu," alisema. "Na mlango usiufunge. Kuna mtu anaingia."